Kumfundisha mbwa utii kwa masomo ya video: mwongozo kwa wenye mbwa Nyanda za Juu Kusini

Wengi wanaonitafuta kwa masomo ya video huanza na swali hilohilo: mbwa ataangaliaje simu? Haangalii, wala hatakiwi kuiangalia. Mwanafunzi katika somo la video ni wewe mwenye mbwa. Mimi nakuangalia mikono, miguu na sauti yako, nakurekebisha, kisha wewe ndiye unayemfundisha mbwa. Ukilishika hilo tangu mwanzo, umbali kati ya Uyole ninapokaa mimi na Tukuyu, Mafinga au Njombe unakokaa wewe haukuzuii kitu.

Kwa njia hii tunafundisha utii wa kawaida: kukaa, kulala, kusubiri, kuacha kitu, kuja akiitwa, na kutembea na kamba bila kuvuta. Mbwa aliyekwisha kung'ata mtu simfundishi kwa video peke yake. Huyo aonwe kwanza na daktari wa mifugo, na mkufunzi afike nyumbani. Kadhalika sifundishi mbwa kung'ata kwa simu, hata mteja akinibembeleza.

Hatua ya 1: Afya kabla ya amri

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Kama kadi yake huioni, anza na ofisi ya mifugo ya kata yako. Ulizia na dawa ya minyoo, kwani mbwa mwenye tumbo linalouma au kupe masikioni hana nafasi ya kusikiliza. Ikitokea mbwa amemng'ata mtu, au amemkwaruza kwa meno, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Mtoto wa mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Kama wako yuko umri huo, mbebe mkononi umwonyeshe bajaji, watoto wa shule, kuku, mwamvuli unaofunguka. Mbwa mzima naye hujifunza vizuri, basi usimkatie tamaa kwa sababu ya miaka.

Hatua ya 2: Andaa vitu vichache

Unahitaji mkanda wa shingoni ambao vidole vyako viwili vinapita chini yake, kamba ya mita 2 ya kutembelea, na kamba nyepesi ya mita 10 ya kufundishia kuitwa. Mnyororo uache bandani. Ni mzito, unapiga kelele, na mbwa wengi wanauhusisha na kufungwa.

Chakula cha zawadi kiwe kitu ambacho mbwa hakipati kwenye sahani yake ya kila siku. Maini au mapafu yaliyochemshwa bila chumvi, yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe, yanafaa sana. Usipa mkavu wa Kyela, yaani samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, nao mbwa wanaupenda mno. Uoshe kwanza kama umetiwa chumvi, na mmoja ukate vipande viwili au vitatu. Usimpe chokoleti, zabibu wala kitunguu, kwa kuwa ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa. Kiasi anachokula mazoezini kipunguze kwenye ugali wake wa jioni.

Hatua ya 3: Chagua neno la alama

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Chagua neno moja fupi litakalomwambia mbwa, "hapohapo ulipofanya hivyo, umepatia, na chakula kinakuja." Mimi natumia "Safi!" Wengine hugonga ulimi. Kwa siku ya kwanza usimwamuru chochote. Tamka "Safi!", kisha mpe kipande. Ngoja kidogo, tamka tena, mpe tena. Fanya hivyo mara 15 hivi, pumzika, rudia jioni. Ukitamka neno naye akageuza kichwa kutafuta chakula, ameshaelewa.

Wapo wanaoona jambo hili ni la kitoto. Basi waangalie Morogoro. Shirika la APOPO, linalofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na msingi wao ni huohuo: panya akipatia husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula. Magawa, panya aliyefundishwa hapa Tanzania, alikwenda Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Hakuna fimbo iliyomfikisha pale.

Neno lazima litoke wakati tendo linapofanyika, na chakula kifuate ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, mbwa ameshasimama, na unachomsifia ni kusimama.

Hatua ya 4: Simu, mtandao na mahali

Hapo kwenye sekunde ndipo somo la video linapokuwa na ugumu wake. Mtandao huchelewesha picha na sauti. Mimi nikiona mbwa amekaa nikasema "sasa!", sauti inakufikia baada ya kitambo, na pengine kwako yeye amekwisha kuinuka. Kwa hiyo usimngoje mwalimu akuambie lini utamke "Safi!" Wewe ndiye mwenye macho pale. Mwalimu anayekuhesabia "moja, mbili, sasa mpe" kwenye simu hajaielewa kazi ya kufundisha kwa mbali, na ningekushauri utafute mwingine.

Kwa sababu hiyohiyo mimi napenda video uliyoirekodi kuliko simu ya moja kwa moja. Rekodi dakika moja au mbili ya zoezi, nitumie kwa WhatsApp usiku au alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, nami naitazama polepole, naisimamisha pale mkono wako ulipokosea, nakurudishia maelezo ya sauti. Simu ya moja kwa moja tuiache kwa ajili ya maswali, na kwa zoezi jipya ambalo ni lazima nikuonyeshe kwa mbwa wangu. Bando lako nalo litapona. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kupunguza matumizi ya data wakati wa simu, iwashe.

Simu iegemeze kwenye tofali juu ya ndoo iliyogeuzwa, usawa wa magoti yako, ikiwa imelazwa ubavu ili picha iwe pana. Wewe simama hatua nne au tano kutoka hapo, jua likiwa nyuma ya simu. Nataka kuona mbwa mzima na mikono yako yote miwili. Uso wako si lazima. Mtoto akikushikia simu, picha itamfuata mbwa na mikono yako itapotea, kwa hiyo iache itulie yenyewe. Tukiwa kwenye simu ya moja kwa moja vaa spika ya sikio moja, ili sauti yangu isimvute mbwa.

Mkazi wa Tukuyu au Rungwe kwa jumla najua shida yako: mvua ikianza kupiga bati hatusikiani. Miezi ya mvua tupange somo asubuhi mapema, au tutegemee video tu. Juni na Julai, baridi inapokaza Mbeya na Njombe, usimlaze mbwa kwenye saruji wakati wa kumfundisha "Lala." Tandika gunia. Mbwa anayekataa kulala kwenye sakafu ya baridi si mkaidi.

Hatua ya 5: Kubalianeni maneno nyumbani

Kabla ya somo la pili naomba orodha ya maneno, ikiwa imebandikwa jikoni. Baba anasema "Kaa", watoto wanasema "Sit", kijana wa kazi anasema "Tulia", na mbwa analaumiwa kwa kutosikia. Chagueni neno moja kwa kila tendo: Kaa, Lala, Subiri, Acha, Njoo, Twende. Kijana anayemlisha mbwa na kumfungulia usiku ndiye mtu muhimu kuliko wote katika somo hili, naye awepo tunapoanza. Mara nyingi mwenye nyumba hulipia masomo, kisha yule anayekaa na mbwa kutwa nzima hajaambiwa lolote.

Hatua ya 6: Mazoezi yenyewe

Dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya chakula.

*Kaa.* Weka kipande puani pake, kisha kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa chini tu: "Safi!", mpe. Usimkandamize mgongo. Neno "Kaa" liongeze baada ya kuona anafuata mkono bila kusita, na ulitamke kabla mkono haujasogea. Ukivitoa vyote pamoja, mbwa atasoma mkono na neno hatalisikia.

*Lala.* Akiwa amekaa, shusha kipande wima kutoka puani hadi chini, kati ya miguu ya mbele, kisha kivute kwako kidogo.

*Subiri.* Mwambie akae, hesabu moja, "Safi!", mpe palepale alipokaa. Kesho hesabu tatu. Hatua za kurudi nyuma zianze akishaweza kungoja muda wa kutosha ukiwa mbele yake.

*Njoo.* Hapa nakuomba utulie nami, maana amri hii ndiyo inayookoa mbwa barabarani. Majumbani kwetu mbwa hufunguliwa usiku na kufungiwa asubuhi. Kwa hiyo kila alfajiri anaitwa "Njoo!", anakuja, anasukumwa bandani hadi giza. Baada ya wiki chache anasimama mbali na kukutazama, nasi tunasema ana kichwa kigumu. Kumbe amejifunza barabara kabisa: "njoo" ni mwisho wa uhuru. Mwingine anaitwa kisha anachapwa kwa kuku aliyemkimbiza.

Dawa yake ni hii. Mfunge kamba ya mita 10, iburute chini. Mwite mara moja tu, kwa sauti ya furaha, ukirudi nyuma hatua mbili. Akianza kuja, "Safi!", akifika, mpe vipande vitatu mfululizo, mguse mkanda wa shingoni, kisha mwachie aende zake. Hiyo ya kumwachia ndiyo watu huisahau. Aitwe mara nyingi na kuachiwa, ili kufungiwa kuwe mara moja tu kati ya nyingi. Asubuhi unapomrudisha bandani, akute chakula chake kimeshawekwa ndani. Asipokuja, usirudie neno; okota kamba, mlete taratibu, msifie alipofika. Na usimwite kamwe ili umwadhibu.

Baba mmoja wa Kihesa, Iringa, aliniandikia: "Mwalimu, akiwa ndani ya uzio anakuja, nikifungua geti tu ananisahau." Nilimwomba anitumie video. Alikuwa ametoka uani moja kwa moja hadi kando ya barabara ya bodaboda. Nilimjibu, "Baba, rudi kwenye geti. Anza likiwa limefungwa, kesho wazi nusu, kesho kutwa nje hatua mbili." Geti ni darasa lake lenyewe.

Hatua ya 7: Toka nje kwa kipimo

Mbwa akipatia mara 8 kati ya 10, ongeza ugumu. Akipatia mara 5, rudi nyuma. Vitu vitatu vinaongeza ugumu: muda, umbali, na vishawishi. Ongeza kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza kishawishi, kwa mfano kuku wa jirani, punguza umbali na muda.

Shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa ni uwanja mzuri wa kufundishia "Njoo" kwa kamba ndefu. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na angalia kama kuna ng'ombe wanaolisha mabua. Njiani, kamba isitoke mkononi. Watu wengi wanaogopa mbwa, na wana sababu. Ukiona mama amebeba mtoto anakuja, simama pembeni, mwambie mbwa akae, mpishe mama apite, ndipo uendelee. Zoezi la "Kaa" limepata kazi yake hapo.

Kuna wanaohofia kwamba mbwa mtii hatalinda. Kumbwekea mgeni hakupotei kwa sababu amejua "Kaa". Kinachoongezeka ni kwamba ukisema "Acha" mgeni wako anaingia salama.

Hatua ya 8: Jitazame kabla hujanitumia

Itazame video yako kwanza bila sauti na uangalie mkono: umesogea kabla ya neno? Uliingia mfukoni kabla mbwa hajatenda? Kisha itazame kwa sauti na usikilize "Safi!" imeangukia wapi. Mwisho angalia chakula alikipokea wapi. Ukimpa chakula cha "Lala" huku umesimama wima, ukimlazimu ainuke kukifuata, unamfundisha kuinuka. Niandikie uliyoyaona mwenyewe, ndipo nami niongeze yangu.

Zoezi likishakuwa imara nje ya geti, anza kupunguza chakula: leo kila mara, wiki ijayo mara moja kati ya mbili, baadaye bila mpangilio, na mahali pa chakula weka sifa, mkono shingoni, au kumfungulia geti. "Njoo" peke yake usiipunguzie. Hiyo endelea kuilipa vizuri, na usipa mfukoni, hata mbwa akizeeka.