Kuandika historia ya shule ya michezo Tanga: usianzie kwenye makombe

Karibu kila shule ya sekondari ya umma inayolea wanamichezo ina kabati la makombe ofisini kwa mkuu wa shule. Usianzie hapo. Kombe linataja mshindi tu, na mara nyingi mwaka wenyewe umefutika kwa kusuguliwa. Historia imo kwenye makaratasi: rejesta ya uandikishaji, daftari la matukio ya shule, orodha za vikosi, barua za kuombea nauli na fomu za matokeo ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Ikiwa shule yako ilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, tafuta pia kwa jina lake la zamani.

Kazi hii ifanyike Juni hadi Septemba, masika ikishapita. Hewa ya pwani ina unyevu, na daftari lililofungiwa kabatini huota ukungu. Lianike kivulini penye upepo, kwani jua hufifisha wino na kukunja kurasa. Karatasi yenye majimaji iache ikauke kwanza, kisha vaa barakoa uupanguse ukungu kwa brashi laini. Selotepu usiiguse kabisa. Gundi yake hugeuka njano na kuharibu maandishi. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige picha humo humo. Nyaraka ziskani kwa nukta 300 kwa inchi, picha ndogo kwa 600. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini.

Kwenye matokeo ndipo vitabu vingi vya shule huharibika. Kila matokeo yaandike pamoja na mwaka, uwanja, kipimo cha umbali, aina ya saa na ngazi ya mashindano. Matokeo ya zamani yako kwa yadi. Hata Michezo ya Jumuiya ya Madola ilitumia yadi hadi 1966, mita zikaanza Edinburgh mwaka 1970. Yadi 100 ni mita 91.44 tu, kwa hiyo sekunde 10.2 za yadi 100 haziwezi kukaa jedwali moja na za mita 100. Saa ya kubonyezwa kwa mkono nayo hupunguza muda, kwa sababu mshika saa huchelewa kuibonyeza mbio zinapoanza. Unapolinganisha na saa ya umeme, ongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400.

Mkuki wa wanaume ulibadilishwa 1986 na wa wanawake 1999: kitovu cha uzito kilisogezwa mbele ili uanguke mapema. Funga jedwali la zamani, fungua jipya. Kwa tufe taja uzito, kwani kilo 4, 5, 6 na 7.26 si mchezo mmoja. Uliza pia mbio fupi zilielekea upande gani. Mashindano ya Juni huangukia kwenye kusi, na muda uliopatikana upepo ukiwa mgongoni bila kipima upepo uwekewe alama yake.

Ngazi ndiyo huzua ugomvi. UMISSETA taifa, mwanafunzi huvaa jezi ya mkoa. Medali ya timu ni ya Mkoa wa Tanga. Shule inajivunia mchezaji wake, haihesabu kombe hilo kuwa lake. Kisha linganisha kila orodha ya kikosi na rejesta. Jina lisilokuwamo mwaka huo linaweza kuwa la mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi wa shule, au kosa la karani. Andika kwamba halikuonekana, uishie hapo. Usimtuhumu mtu, wala usiifute mechi.

Wazee waliosoma hapo ukiwauliza mwaka watakisia. Waulize kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974? Vita ya Kagera ilikuwa imeanza? Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, walikuwa wameshachukua ubingwa wa ligi wa 1988? Majibu mawili au matatu ya namna hiyo hukupa mwaka unaokaribiana, nao unauhakiki kwenye rejesta. Wapelekee picha pia. Jukwaa la uwanja wa Mkwakwani likionekana nyuma, humkumbusha mtu nani alikuwa golini.

Kabla ya kuchapa jina la aliye hai, omba ridhaa yake. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa afisa michezo wa halmashauri, ya tatu nje ya jengo la shule.