Usiondoke kliniki ya kisukari bila kukaguliwa miguu

Katika kliniki nyingi mgonjwa wa kisukari hupimwa sukari, presha na uzito, huandikiwa dawa, kisha huondoka bila kuvua viatu. Siku ya kliniki vaa viatu vinavyovulika kwa urahisi, na ukiingia kwa daktari useme waziwazi: "Daktari, naomba unikague na miguu, sijakaguliwa mwaka huu." Huo si usumbufu, kwa kuwa kila mwenye kisukari anastahili ukaguzi huo walau mara moja kwa mwaka, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Mhudumu hutazama ngozi, kucha na katikati ya vidole, hutafuta mapigo ya damu upande wa juu wa wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kisha hukuambia ufumbe macho huku akikugusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10. Ukikutwa na ganzi peke yake, unapaswa kurudi kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ikiambatana na upungufu wa damu mguuni au mguu uliopinda, miezi 3 hadi 6. Na mwenye ganzi aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole, mwezi 1 hadi 3. Omba matokeo yaandikwe kwenye kadi yako.

Nyumbani pia mnaweza kujipima. Lala chali, fumba macho, na mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu kama unyoya, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, nawe utaje kila unapoguswa. Ukikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, usisubiri tarehe ya kliniki.

Ganzi ndiyo inayotisha, maana mguu usiouma hausemi. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuripoti wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini. Kwa sababu hiyo, kagua miguu kila jioni kwenye mwanga, ukiweka kioo sakafuni ili uone nyayo; kung'uta viatu kabla ya kuvaa; pima joto la maji kwa kiwiko; usitembee peku hata ndani ya nyumba. Anayetawadha mara tano kwa siku akaushe vizuri katikati ya vidole kila mara, na mafuta apake kwenye visigino na nyayo tu. Sugu usizikate kwa wembe kamwe.

Ukiona kidonda, lengelenge, usaha, kidole kinachobadilika kuwa cheusi, au mguu mmoja uliovimba na wenye joto kuliko mwenzake hata kama hauumi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Osha kwa maji safi, funika kwa shashi kavu, usipake dawa ya meno wala majivu, na usiukanyagie mguu huo zaidi ya inavyolazimu. Ukifika mapokezi, taja mapema kwamba una kisukari na tatizo liko mguuni, ili usipangiwe tarehe ya wiki ijayo.