Hatua za mwanzo za kubadili jinsia ukiwa kwenye foleni ya NHS

Somo hili ni kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ambao wameamua kubadili jinsia au bado wanalitafakari jambo hilo, na wameambiwa kwamba kliniki itawaita baada ya miaka. Katiba ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, inatamka kwamba mgonjwa aanze kutibiwa ndani ya wiki 18 tangu alipopewa rufaa, lakini katika kliniki za jinsia ahadi hiyo haitekelezwi, na wapo wengi waliokwisha kungoja zaidi ya miaka mitano kabla ya kuonana na daktari bingwa kwa mara ya kwanza. Huo ni muda mrefu mno wa kukaa mikono kifuani. Yapo mengi yasiyohitaji sahihi ya daktari bingwa, na shauri langu kuu ni juu ya mpangilio wake: tanguliza yale ambayo usipoyapenda unaweza kuyaacha bila madhara, na yale yasiyorudi nyuma uyafanye ukiwa na vipimo mkononi na daktari anayekufuatilia.

Hatua ya kwanza ni rufaa, na usiiahirishe hata kama bado una maswali, kwa sababu nafasi yako kwenye foleni huhesabiwa kwa tarehe, na kuondoka kwenye foleni baadaye ni rahisi kuliko kuingia ukiwa umechelewa. Mtu yeyote anayeishi hapa anaweza kujiandikisha bure kwa daktari wa familia, bila kujali hali yake ya uhamiaji, na hapaswi kukataliwa kwa sababu tu hana kitambulisho au uthibitisho wa anwani. Mweleze daktari kwa maneno ya moja kwa moja kwamba unaomba rufaa ya kliniki ya jinsia. Halazimiki kukupeleka kwanza kwa daktari wa magonjwa ya akili, na kama uko England unaweza kuchagua kliniki yoyote badala ya ile iliyo jirani, kwa hiyo tazama kwanza kila kliniki inawaita watu waliopewa rufaa mwezi gani na mwaka gani. Omba nakala ya barua ya rufaa yenye tarehe. Baada ya wiki chache piga simu kliniki uulize kama wameipokea, kwa maana barua ambayo haikufika haikupi nafasi yoyote, na watu wamegundua jambo hilo baada ya kungoja mwaka mzima. Ukihama nyumba au kubadili namba ya simu, iarifu kliniki yenyewe pamoja na daktari wako.

Kama Kiingereza kinakupa taabu, una haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Najua hofu iliyopo: Waswahili katika mji mmoja wanajuana, na mkalimani anaweza kuwa mtu mnayeonana naye msikitini, kanisani au harusini. Mkalimani amefungwa na wajibu wa kutunza siri, lakini huna sababu ya kuibeba hofu hiyo, kwa hiyo unapoweka miadi omba mkalimani wa simu, na ikibidi asitajiwe jina lako. Usimtumie mdogo wako, mtoto wako wala jirani kutafsiri mazungumzo haya.

Kuhusu gharama, huduma ya daktari wa familia ni bure kwa wote, ila huduma za hospitali na za mabingwa zinaweza kutozwa kwa mtu asiyehesabiwa kuwa mkazi. Waombaji hifadhi na wakimbizi hawatozwi, na aliyelipa ada ya afya wakati wa kuomba viza amekwisha lipia.

Hatua ya pili ni yale yanayorudi nyuma: mavazi, nywele, sauti, na jina ambalo watu wachache unaowaamini watakuita. Anza mahali penye usalama, na ukae na jina hilo kwa muda kabla ya kuliandika popote. Sauti inahitaji mazoezi mafupi ya kila siku, maji ya kutosha na subira, na ukisikia koo linauma au sauti inakwama, pumzika. Estrojeni, homoni ya kike, haipandishi sauti iliyokwisha kuvunjika, hivyo mazoezi haya mwanamke atayahitaji hata baada ya kliniki. Testosteroni, homoni ya kiume, huizamisha sauti, na ikishazama hairudi.

Kwenye kifua nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Wengi wanaotaka kuficha matiti huanza kwa kujifunga kanga au bendeji na kuikaza kwa fundo. Tafadhali usifanye hivyo, wala usitumie utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Kitambaa kilichofungwa kwa fundo hakifuati pumzi, nacho hukandamiza mbavu na kuchubua ngozi. Nunua fulana maalumu ya kubana kifua, ya kipimo chako halisi, wala usichague ndogo zaidi kwa kudhani itabana vizuri. Ivae si zaidi ya saa 8 kwa siku, ivue wakati wa kulala na wa mazoezi, na upate siku za kupumzika bila kuivaa. Ukipata maumivu ya kifua, ganzi au kushindwa kuvuta pumzi, ivue mara moja, na yasipoisha umwone daktari.

Kwa upande wa ndevu, nywele zetu za kipilipili hujikunja na kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa, ndipo vinapotokea vipele. Nyoa baada ya kuoga maji ya moto, kwa wembe mkali usio na safu nyingi za visu, ukifuata nywele zinakolala. Kivuli kinachobaki chini ya ngozi nyeusi hufichika ukipaka kwanza rangi ya chungwa iliyokolea au nyekundu, kisha juu yake poda au krimu ya rangi yako, kwa sababu poda peke yake huacha weusi wa kijivu unaoonekana juani.

Hatua ya tatu ni jina na karatasi. Hati ya kubadili jina unaweza kuiandika mwenyewe bila malipo, ukaitia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu zako wala wakazi wa nyumba yako. Ipo pia njia ya kuisajili mahakamani kwa ada, lakini kwa kawaida hati iliyosajiliwa hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, hivyo anayejificha dhidi ya watu wanaoweza kumdhuru asiikimbilie njia hiyo. Ukiamua, peleka hati benki, kazini na kwa daktari, na utunze kila barua, hati ya mshahara na bili yenye jina jipya. Sheria ya Kutambua Jinsia ya 2004 inamtaka anayeomba cheti cha kutambuliwa jinsia yake kisheria athibitishe kwamba ameishi miaka 2 katika jinsia yake, na ushahidi huo huanza kukusanyika na barua hizi.

Daktari wa familia anaweza pia kubadili alama ya jinsia kwenye rekodi zako za NHS, na hapo utapewa namba mpya ya NHS. Kabla ya kuomba, elewa matokeo yake. Aliyeandikwa mwanamume haitwi tena moja kwa moja kwenye uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi wala ya matiti, ingawa viungo hivyo bado anavyo, na aliyeandikwa mwanamke haitwi kwenye kipimo cha mshipa mkuu wa tumbo ambacho wanaume hupewa wakifika miaka 65. Itakubidi uombe mwenyewe.

Hatua ya nne ni kuuandaa mwili. Acha sigara, kwa kuwa sigara pamoja na estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Pima presha, jua uzito wako na magonjwa ya ukoo wenu. Kisha lifikirie suala la uzazi kabla ya homoni, si baada yake, hata kama leo huoni kama utataka watoto. Mbegu za kiume na mayai vinaweza kugandishwa, na tangu Julai 2022 sheria inaruhusu vihifadhiwe hadi miaka 55, mradi uthibitishe ridhaa yako kila baada ya miaka 10. NHS hulipia katika baadhi ya maeneo na si yote, kwa hiyo muulize daktari mapema.

Kungoja huku huwachosha watu moyo, na wapo waliofikia kuchoka kuishi. Ukifika hapo, piga 116 123 kwa Samaritans, ni bure usiku na mchana. Ukiwa England unaweza kupiga 111 na kuchagua 2, na hatari ikiwa imekaribia piga 999.

Maswali ya wanachama

Swali (mwanachama, Leicester): Shikamoo dada. Nimechoka kungoja, na rafiki yangu ananiuzia vidonge vya uzazi wa mpango, anasema vina estrojeni. Je, nianze?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usianze na hivyo. Vingi vya vidonge hivyo vina ethinilestradioli, ambayo hugandisha damu zaidi kuliko estradioli wanayotumia madaktari wa kliniki hizi. Kama umekwisha kumeza, mwambie daktari wako bila kuficha, hataweza kukushtaki kwa hilo, na mwombe akupime damu. Baraza la Madaktari la Uingereza limetoa mwongozo unaomruhusu daktari wa familia, akishauriana na bingwa, kukuandikia dawa ya muda kwa kiwango cha chini kama unajitibu mwenyewe au kuna uwezekano mkubwa wa kufanya hivyo. Wengi hukataa. Omba akuandikie sababu, kisha uombe daktari mwingine wa zahanati hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, omba vipimo siku hiyohiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikiuma, piga 999. Na ndugu wanaotumia testosteroni wasome hapa pia: testosteroni si kinga ya mimba.

Swali (mama wa kijana wa miaka 19): Mwanangu amenitumia somo hili. Nimsaidieje na mimi sielewi haya mambo?

Jibu: Shikamoo mama. Umeanza kumsaidia kwa kulisoma. Muulize anataka aitwe nani nyumbani, na aitwe nani mbele ya wageni, kwa sababu majibu yanaweza kutofautiana, na kosa dogo mbele ya shangazi mmoja linaweza kulifikisha jambo Tanga kabla ya jioni. Nenda naye kwa daktari kama akikuomba. Wajomba na mabinamu asiambiwe mtu kabla yeye mwenyewe hajaridhia.

Swali (mwanachama, London): Nina pasipoti ya Kenya na viza ya kazi. Naweza kutumia hati ya jina ya hapa?

Jibu: Benki na zahanati zinaweza kuikubali, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hutaka jina la viza lifanane na la pasipoti, na majina mawili tofauti yanaweza kukukwamisha uwanja wa ndege au wakati wa kuongeza viza. Kubadilisha jina Kenya hutangazwa katika Gazeti Rasmi la huko, hivyo pima usalama wako kwanza. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi chochote. Ukiwa mkimbizi usiende kwenye ubalozi wa nchi uliyoikimbia kulishughulikia hili, kwani hatua hiyo inaweza kuidhuru hifadhi yako.

Swali (mwanachama, Birmingham): Nafanya kazi nyumba ya wazee. Lazima nisubiri kliniki ndipo nimwambie meneja?

Jibu: Hapana, kaka. Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda mtu tangu anapokusudia kubadili jinsia, hata kama hajaonana na daktari. Mnamo Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno jinsia katika sheria hiyo lina maana ya jinsia ya kibayolojia, na uamuzi huo umegusa vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, lakini ulinzi dhidi ya kubaguliwa na kunyanyaswa kwa kubadili jinsia umebaki. Mwandikie meneja kwa barua pepe, utaje tarehe unayotaka jina jipya lianze kwenye beji na ratiba ya zamu, na ubaki na nakala.

Swali (mwanachama, Cardiff): Dada, mashine ya leza ya saluni jirani inafaa kwa ndevu?

Jibu: Uliza kwanza ni leza ya aina gani. Kwa ngozi nyeusi inatakiwa Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa kuwa nyingine huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa. Leza haishiki nywele nyeupe. Hizo huhitaji elektrolisisi, yaani kuua mzizi wa kila unywele kwa umeme, na kama kwenu kuna historia ya makovu ya keloidi, mwambie mhudumu kabla hajaanza. Mwache ajaribu sehemu ndogo chini ya taya, kisha usubiri kuona ngozi imepokeaje kabla ya kulipia vipindi vyote.