Namna ya kulinda ubongo wa wachezaji chipukizi dhidi ya mipira ya vichwa

Kocha wa timu ya shule au ya mtaa hapa Dodoma ana nafasi kubwa ya kulinda ubongo wa vijana wake, kwa sababu vichwa vingi hupigwa mazoezini, na mazoezi huyapanga yeye mwenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliokuwa wachezaji wa kulipwa wa Scotland walikufa kwa magonjwa ya kuzorota kwa ubongo kwa kiwango cha takribani mara 3.5 ya watu wengine, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha hatari kubwa zaidi kwa mabeki, huku magolikipa wakiwa karibu sawa na watu wa kawaida. Hayo hayathibitishi kwamba kichwa pekee ndicho chanzo, lakini kwangu yanatosha kuchukua tahadhari.

Watoto wa shule ya msingi wasifanyishwe kabisa mazoezi ya vichwa, hata wanapoandaliwa kwa UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi. Uingereza ilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2020. Muda huo utumike kuwafundisha kutuliza mpira kwa kifua na kucheza pasi za chini.

Mpira wenyewe unahitaji uangalizi. Walio chini ya miaka 12 wapewe namba 4, kwa kuwa namba 5 una uzito wa gramu 410 hadi 450. Mara nyingi tunajaza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi mpira unakuwa mgumu kama jiwe, tukiamini kwamba ndivyo unavyodunda vizuri. Sheria inaruhusu upepo wa paundi 8.5 hadi 15.6 kwa inchi ya mraba, hivyo ukiwa na geji bakia karibu na 9. Usipokuwa nayo, ubonyeze kwa dole gumba na uhakikishe unabonyea kidogo. Mpira wa ngozi ulionyonya maji ya mvua uwekwe kando.

Kwa vijana wa sekondari, hesabu ndiyo kinga. Mwaka 2021 wachezaji wa kulipwa wa England walishauriwa wasizidishe vichwa 10 vizito kwa wiki mazoezini, yaani vya krosi, kona, mipira ya adhabu na pasi ndefu zinazozidi mita 35. Kijana anayekua anastahili vichache zaidi ya hapo. Zoezi la kupanga foleni na kupiga krosi moja baada ya nyingine liachwe. Mrushie mpira kwa mkono kutoka karibu, aupige kwa paji la uso, macho wazi, shingo na kiwiliwili vikiwa vimekazwa pamoja. Afundishwe pia kuita "Yangu!" mapema, kwani vichwa viwili kugongana ni hatari kuliko mpira.

Akigongwa, tabia ya kummwagia maji kichwani na kumrudisha uwanjani ikome. Mwenye kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa au aliyesahau matokeo ya mechi atoke na asirudi siku hiyo, hata kama hakuzimia, na mzazi aelezwe ili kijana asiachwe peke yake usiku. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, au usingizi ukimzidi, apelekwe mara moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Baada ya kupumzika aanze kwa kutembea, kisha kukimbia, kisha kucheza na mpira mguuni. Vichwa viwe vya mwisho kurudi, baada ya daktari kuridhika.