Kutunza uzito tangu mimba changa hadi baada ya arobaini

Anza kliniki kabla mimba haijafikisha wiki 12, kwa sababu uzito utakaopimwa siku hiyo ndio utakaolinganishwa na kila kipimo kitakachofuata. Anayefika mimba ikiwa na miezi mitano hubaki akikisia alianza na kilo ngapi.

Gawanya uzito huo kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu uleule. Mwanamke wa kilo 60 mwenye urefu wa mita 1.6 atapata 23.4. Aliye kati ya 18.5 na 24.9, yaani mwenye uzito wa kawaida, anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 katika mimba nzima. Aliye kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5, mwenye 30 na zaidi, kilo 5 hadi 9, naye aliye chini ya 18.5 anahitaji kilo 12.5 hadi 18. Viwango hivi, vilivyotolewa Marekani mwaka 2009, ni vya mimba ya mtoto mmoja, na hakuna kundi linaloshauriwa kujikondesha wakati wa ujauzito.

Miezi mitatu ya kwanza haiongezi zaidi ya kilo mbili, na kichefuchefu kinaweza hata kuzipunguza. Baadaye, mwenye uzito wa kawaida huongezeka takribani gramu 400 kwa wiki. Usiitazame tarakimu moja peke yake, bali fuatilia mwenendo wa vipimo kwenye kadi yako, nawe upimwe kwa mizani ileile, viatu vikiwa vimevuliwa. Nimewaona wanaopanda na mkoba begani, kisha wakifika nyumbani wanajinyima ugali kwa sababu ya kilo mbili zilizokuwa za mkoba.

Kauli ya kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili ni ya upendo, lakini hesabu yake si sahihi. Katika miezi mitatu ya kwanza hakuna chakula cha ziada kinachohitajika. Katika mitatu ya kati huhitajika takribani kalori 340 kwa siku, na katika mitatu ya mwisho takribani 450. Kalori 340 zinakaribiana na yai moja la kuchemsha, ndizi mbivu moja na kikombe cha maziwa, wala si sahani ya pili ya wali. Anayekula mchana kwa mama lishe asione haya kuomba wali upunguzwe, maharage na matembele yaongezwe, na samaki awe wa mchuzi badala ya wa kukaanga. Chai isinywewe pamoja na mlo wala na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Isubiri saa moja hivi. Soda ya mililita 350 hubeba takribani vijiko 9 vya chai vya sukari, na kiu ya joto la Dar es Salaam hutulizwa vizuri zaidi na maji safi au dafu.

Kuhusu mazoezi, ikiwa mhudumu wako hajakukataza, lenga dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema. Tembea alfajiri au baada ya alasiri, au shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Ukiona damu au maji yakitoka, au ukipata kizunguzungu, acha mara moja na uende kituo cha afya. Vilevile, uzito ukipanda ghafla pamoja na uso kuvimba, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni dalili za kifafa cha mimba.

Kipindi kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni arobaini, kwa sababu hapo mwamuzi wa chakula si mzazi mwenyewe. Uji wa pilipili manga huja na sukari ya kujaza kijiko mara nne, mtori hufuata, na wageni huingia na soda. Zungumza na mama au mama mkwe kabla ya kujifungua, kwa adabu: “Mama, uji nitaunywa, ila naomba sukari ipungue.” Kinachoongeza maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, na kunyonyesha pekee hutumia takribani kalori 500 kwa siku, hivyo mzazi anastahili kula vizuri na kushiba. Asijinyime chakula katika wiki sita za kwanza, wala asitumie dawa za kukondesha. Baadaye, kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari kabla ya mazoezi mazito.

Aliyepata kisukari cha mimba apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, hata kama anajisikia mzima, na aliyepanga mtoto mwingine aache angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba, ili uzito nao upate muda wa kurudi. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki, omba nawe upande mizani ya watu wazima, uandike kilo zako pamoja na tarehe.