Kutafuta makala za majarida kupitia maktaba ya chuo kikuu

Mara nyingi makala inayosemekana haipo maktabani kumbe ipo. Mtu ameandika kichwa cha makala kwenye katalogi, na katalogi ya kawaida huorodhesha vitabu na majina ya majarida, si makala zilizomo ndani ya majarida hayo. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, amua kwanza: unatafuta makala fulani ambayo tayari una rejeo lake, au una mada tu? Kila kazi ina njia yake, na muda mwingi hupotea pale zinapochanganywa.

Siku hizi maktaba nyingi zina kisanduku kimoja kikubwa kwenye ukurasa wa mwanzo kinachotafuta vitabu na makala kwa pamoja. Kinafaa kwa kuanzia, lakini nacho hakioni kila kitu. Angalia kichupo kilichochaguliwa juu yake: kikiwa kwenye "katalogi" badala ya "makala" au "vyote", umerudi palepale.

Ukiwa na rejeo mkononi

Soma rejeo vizuri. Ukiona 28(3): 201–8, hiyo ni juzuu la 28, toleo la 3, kurasa 201 hadi 208. Jina la jarida huenda limefupishwa, hasa katika fani za afya na sayansi: Am J Trop Med Hyg ni American Journal of Tropical Medicine and Hygiene. Katalogi nyingi hazitambui vifupisho hivyo, kwa hiyo tafuta jina kamili kwanza. Jihadhari pia na majarida yaliyobadili jina. British Medical Journal limekuwa likiitwa BMJ tangu 1988, na maktaba inaweza kuwa na rekodi mbili tofauti, moja kwa kila jina, kila moja na miaka yake.

Kama rejeo lina DOI, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi unaoanza na 10., ndiyo njia ya mkato. Ibandike kwenye kisanduku cha maktaba. Isipopatikana, iweke mwishoni mwa https://doi.org/ na ufungue. Kiungo kikikataa, kagua mwisho wake: watu wengi hunakili pamoja na nukta inayofunga sentensi, na nukta hiyo moja inatosha kukiharibu.

Pasipo DOI, fungua orodha ya majarida ya kielektroniki ya maktaba na utafute jina la jarida, si la makala. Ikiwa jina ni la kawaida mno na majarida kadhaa yanalitumia, tafuta kwa ISSN: tarakimu nane zilizogawanywa na kistari katikati, ambapo ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Toleo la karatasi na la mtandaoni huwa na ISSN tofauti, basi moja ikikosa jaribu ya pili.

Hapa ndipo pa kutulia. Chini ya jina la jarida utaona mistari miwili, mitatu au zaidi, kila mmoja na jina la kanzidata (hazina ya makala mtandaoni) na miaka yake. Mmoja utasema kuanzia 1997 hadi sasa. Mwingine utasema kuanzia 1950 hadi miaka 3 iliyopita. Chagua mstari ambao miaka yake inaugusa mwaka wa makala yako. Wengi hubofya mstari wa kwanza, hukuta toleo lao halipo, na kukata tamaa ilhali mstari wa tatu unalo. Miaka ya karibuni hukosekana kwa sababu wachapishaji huzuia matoleo mapya yasiingie kwenye baadhi ya kanzidata kwa muda fulani. JSTOR, kwa mfano, ina mpaka unaosogea kila mwaka, na kwa majarida mengi mpaka huo ni miaka 3 hadi 5. Makala ya mwaka jana utaitafuta kwenye mstari wa mchapishaji mwenyewe.

Ukiwa na mada tu

Acha orodha ya majarida, nenda kwenye kanzidata. Ukurasa wa maktaba huzipanga kwa fani: PubMed kwa tiba, ERIC kwa elimu, PsycINFO kwa saikolojia, halafu zile za fani zote kama Academic Search, Scopus na Web of Science. Anza na moja ya fani yako na moja ya jumla. Kumbuka kwamba tovuti ya mchapishaji mmoja, kama ScienceDirect ya Elsevier, hukuonyesha hasa machapisho ya mchapishaji huyo. Ukitafuta huko peke yake, umeacha nje kazi nyingi za wachapishaji wengine.

Usiandike swali zima. Livunje katika dhana mbili au tatu, kisha kwa kila dhana orodhesha maneno ambayo waandishi wanaweza kuwa wameyatumia. Kwa kuwa kanzidata nyingi kubwa zimejengwa kwa Kiingereza, maneno ya kutafutia nayo yawe ya Kiingereza. Mada kama "athari za simu kwa usingizi wa wanafunzi" inageuka kuwa hivi:

sleep AND (smartphone* OR "mobile phone" OR "cell phone") AND (student* OR undergraduate*)

AND huunganisha dhana na kupunguza matokeo. OR huunganisha visawe na kuyaongeza. Ziandike kwa herufi kubwa, maana baadhi ya mifumo huzipuuza zikiwa ndogo. Alama ya nyota huleta miisho yote ya neno: student* inaleta student, students na studentship. Usilikate neno mapema mno, kwani stud* itakuletea hata study na studio. Alama za kunukuu hushikilia maneno yakae pamoja kwa mpangilio huo huo. Mabano nayo si pambo. PubMed husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na usipofunga kundi la OR kwa mabano utapata matokeo ambayo hukuyaomba. Weka pia tahajia zote mbili za Kiingereza pale zinapotofautiana: behaviour OR behavior, labour OR labor.

Ukitaka maneno mawili yawe karibu bila kushikana, kila mfumo una amri yake, na hapa makosa ni rahisi. Kwenye EBSCO, mfumo unaobeba Academic Search, sleep N5 quality huruhusu hadi maneno matano katikati, kwa mpangilio wowote, ilhali W5 hudai mpangilio uleule ulioandika. Kwenye Scopus, W/5 haijali mpangilio. Kwenye Web of Science ni NEAR/5. Amri ya mfumo mmoja ukiipeleka kwenye mwingine inaweza kusomwa kama neno la kawaida, na utapata matokeo machache bila onyo lolote.

NOT itumie kwa woga. Ukiandika NOT children, unatupa hata makala nzuri juu ya watu wazima ambayo imetaja watoto mara moja kwenye ikisiri.

Vichungio viwili vinavyodanganya

Cha kwanza ni "matini kamili pekee". Tunashauri usikiweke. Kinabakiza makala ambazo kanzidata hiyo yenyewe inazo, na kuficha zile ambazo maktaba yako imezilipia mahali pengine. Acha matokeo yote yaonekane, kisha bofya kitufe cha maktaba kilicho kando ya kila tokeo. Hicho hukagua vyanzo vyote vya maktaba na kukupeleka makala ilipo.

Cha pili ni kile cha makala zilizopitiwa na wataalamu. Kwa kawaida huchuja kwa jarida, si kwa makala. Tahariri, barua kwa mhariri na mapitio ya vitabu yaliyotoka kwenye jarida la aina hiyo hupita pia. Fungua makala uone: ina mbinu za utafiti, data na orodha ya marejeleo? Kurasa mbili zisizo na rejeo hata moja si utafiti, hata kama kichungio kimeziruhusu.

Matokeo yakiwa sifuri, usifute kila kitu. Ondoa dhana moja, ile isiyo ya lazima sana, na utazame tena. Yakiwa maelfu, zuia dhana kuu ionekane kwenye kichwa cha makala au ikisiri. Halafu chukua makala moja inayokufaa barabara na utazame istilahi za mada ambazo kanzidata imeiwekea. PubMed huweka makala za saratani chini ya Neoplasms hata pale mwandishi alipoandika cancer tu. Tafuta kwa istilahi hiyo pamoja na maneno yako ya kawaida, kwa sababu baadhi ya makala huenda hazijawekewa istilahi.

Makala hiyo moja ina kazi nyingine. Marejeleo yake yanakurudisha nyuma kwa kazi zilizotangulia. Kiungo cha "zilizonukuu makala hii" kwenye Scopus, Web of Science au Google Scholar kinakupeleka mbele kwa zilizofuata. Kwa mada yenye istilahi zinazobadilikabadilika, njia hii huzaa kuliko maneno yoyote utakayobuni.

Majarida ya habari na ya kawaida

Haya hurejelewa kwa tarehe, mara nyingi bila juzuu, kwa hiyo tafuta kwa jina la jarida na tarehe. Nakala za zamani zilizosomwa na mashine zimejaa herufi zilizokosewa. Tafuta maneno mawili au matatu ya nadra badala ya kichwa kizima. Kwa majarida ya Marekani kuna pengo jingine: mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba waandishi wa kujitegemea walikuwa na haki juu ya makala zao kwenye kanzidata, na wachapishaji wakaziondoa nyingi. Hizo utazipata kwenye karatasi au filamu zenye picha ndogo za kurasa. Na kama unahitaji picha, jedwali au tangazo, chukua PDF. Matini tupu huviacha nje.

Ukiambiwa ulipe

Usilipe. Ukurasa unaodai pesa kwa kawaida maana yake ni kwamba umefika kwa mchapishaji bila kupitia maktaba, naye hajui wewe ni wa chuo gani. Rudi kwenye tovuti ya maktaba, ingia kwa akaunti ya chuo, kisha fungua jarida kutoka hapo. Kwenye Google Scholar, fungua mipangilio, nenda kwenye viungo vya maktaba, uongeze chuo chako. Unaruhusiwa kuweka hadi maktaba tano. Ukihifadhi makala, usinakili anwani iliyo juu ya kivinjari, kwani nyingi hufa kikao kinapokwisha. Nakili kiungo cha kudumu au DOI. Wala usipakue matoleo mazima kwa mkupuo au kwa programu: mchapishaji akiona hivyo anaweza kukifungia chuo kizima.

Maktaba ikiwa kweli haina, tazama "matoleo yote" chini ya tokeo kwenye Google Scholar, au PubMed Central, hazina ya bure ya makala za tiba. Nakala ya bure inaweza kuwa rasimu ya kabla ya kuhaririwa, na kurasa zake hazitalingana na za jarida. Ukinukuu, sema umetumia ipi. Ikikosekana huko pia, jaza fomu ya kuazima kutoka maktaba nyingine: jina kamili la jarida, ISSN, mwaka, juzuu, toleo, kurasa, mwandishi na kichwa cha makala. Sehemu ikibaki wazi, mkutubi atalazimika kukuandikia kuuliza, na ombi husimama mpaka ujibu.