Kuomba Ufadhili wa Shahada ya Uzamili Nje ya Nchi Ukiwa Mtwara au Lindi

Ombi langu la kwanza la ufadhili wa masomo nchini Uingereza lilikataliwa, la pili likakubaliwa, na tangu niliporejea Mtwara huketi kila mwaka na wahitimu wachache wa mkoa huu na wa Lindi tukapitia maombi yao mstari kwa mstari kabla hayajatumwa. Wengi wao wana matokeo mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi. Kinachowaangusha ni kuchelewa kuanza, pamoja na insha ambazo mtu yeyote wa mahali popote angeweza kuziandika.

Hatua ya kwanza: chagua mfuko unaolingana na ulipofikia

Soma masharti kabla ya kusoma faida. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, hugharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, nao humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni sawa na takriban miaka miwili. Kazi ya kujitolea na mafunzo kazini huhesabiwa, kwa hiyo usiache kuorodhesha miezi uliyofundisha shule ya kata bila malipo. Mpokeaji hutakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa Commonwealth Shared, wa nchi za Jumuiya ya Madola, ambao gharama zake hubebwa kwa pamoja na serikali ya Uingereza na vyuo vyenyewe, umelengwa kwa wasioweza kujilipia na ambao hawajawahi kusoma au kufanya kazi kwa mwaka mmoja au zaidi katika nchi tajiri. Programu ya EPOS ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, hutaka uzoefu wa miaka miwili, na shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita tangu uipate. Aliyehitimu juzi atazame kwanza Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ambako mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili, kwa sababu kozi zake nyingi huwapokea hata walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza.

Kuhusu alama, vyuo vingi vya Uingereza hutaka daraja la pili la juu, ambalo kwa vyuo vyetu vingi huanzia GPA ya 3.5. Mwenye chini ya hapo aandikie kitengo cha udahili cha chuo anachokitaka kabla ya kupoteza miezi.

Hatua ya pili: sawazisha majina na vyeti mapema

Hii ni kazi ya Machi na Aprili. Ukisubiri mpaka mikorosho inapopuliziwa salfa, umeshachelewa. Pwani yetu ina tatizo lake: cheti cha kuzaliwa kinasema Selemani, cheti cha kidato cha nne kinasema Suleiman, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Weka nyaraka zote mezani, zilinganishe herufi kwa herufi, kisha mwone wakili akuandalie hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina ikiwa tofauti ni kubwa. Omba transkripti rasmi chuoni kwako wakati huohuo, kwa kuwa kuifuatilia ukiwa mbali na chuo huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Changanua kila karatasi kwa rangi, uhifadhi nakala kwenye barua pepe yako na kwenye simu ya mtu unayemwamini.

Hatua ya tatu: watafute watakaokuandikia barua

Chagua watu wanaokufahamu kikazi. Barua ya mkuu wa idara aliyekusimamia utafiti ina uzito kuliko ya kiongozi mkubwa ambaye hata sura yako haikumbuki. Mpigie simu kwanza, msalimie, mweleze unachoomba na kwa nini umemfikiria yeye. Ujumbe mfupi wa WhatsApp peke yake kwa mwalimu wako wa zamani ni upungufu wa adabu. Akikubali, mtumie ukurasa mmoja wenye jina la ufadhili, tarehe ya mwisho, wasifu wako, na mambo mawili au matatu mliyoyafanya pamoja ambayo angependa kukumbushwa. Usimwandikie barua ili yeye atie sahihi tu. Mkumbushe wiki tatu kabla, kisha wiki moja kabla, kwa upole uleule. Katika ombi langu la kwanza barua moja iliingia siku mbili baada ya mfumo kufungwa, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimemkumbusha hata mara moja.

Hatua ya nne: andika insha itakayojulisha unatoka wapi

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Insha yangu iliyokataliwa ilizungumzia kilimo kuwa uti wa mgongo wa Taifa na vijana kuwa chachu ya maendeleo. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake, lakini hakukuwa na mimi pia. Iliyokubaliwa ilianza na wakulima wa chama kimoja cha msingi waliorudi kutoka ghalani wakiwa na huzuni, kwa sababu korosho zao zilishushwa daraja kwa kutokaushwa vizuri, ikaeleza jinsi tulivyokubaliana kujenga vichanja vya kuanikia, nani alipinga na tulimsikilizaje, na msimu uliofuata ulikuwaje. Kutoka hapo swali la kwa nini nahitaji kusoma usimamizi wa mnyororo wa thamani lilijijibu lenyewe, kwani korosho zetu nyingi bado huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Hutakosa jambo la kuandika. Mhandisi wa Mtwara anaishi karibu na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na kiwanda cha kuisafisha kiko Madimba. Mhitimu wa historia kutoka Lindi ana magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na ana Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria ambaye leo amesimama katika makumbusho ya Berlin. Kijana wa Lindi anayetaka kusomea makumbusho na ameshawahi kuzungumza na wazee wa vijiji vya jirani kuhusu uchimbaji ule ana hoja ambayo hakuna mwombaji wa nchi nyingine atakayekuwa nayo.

Nikikaa na mtu huwa namwambia apigie mstari kila sentensi ambayo mwombaji wa Nairobi au Lagos angeweza kuitumia bila kubadilisha neno, kisha aziandike upya zote. Mara nyingi nusu ya insha huwa imepigiwa mstari. Baada ya hapo linganisha kozi na tatizo ulilolieleza: Chevening hukuruhusu kuchagua kozi tatu, nazo zinapaswa kuwa za fani moja au zinazokaribiana, maana anayechagua afya ya jamii, biashara na uhusiano wa kimataifa kwa pamoja huonekana hajui anachokwenda kukifanya. Taja somo fulani ndani ya kozi na ueleze litakavyokufaa utakaporudi.

Hatua ya tano: Kiingereza, kisha kutuma

Cheti cha IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hudumu miaka miwili, na mtihani hufanyika Dar es Salaam, kwa hiyo weka akiba ya ada, ya basi na ya malazi. Uliza kwanza kama chuo kinakubali barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa ulifundishwa kwa Kiingereza. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, wakati ambao minada ya korosho imeanza na kila mtu nyumbani ana shughuli, basi panga kutuma wiki mbili kabla. Kuomba ni bure. Anayekudai fedha ili akufanyie mpango ni tapeli.

Hatua ya sita: usaili na safari

Ukiitwa kwenye usaili mwanzoni mwa mwaka unaofuata, soma upya insha zako, kwa kuwa utaulizwa juu ya yale uliyoyaandika. Pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, iombe sasa bila kusubiri matokeo. Kwa viza ya masomo ya Uingereza utahitaji kipimo cha kifua kikuu, nacho hufanyika Dar es Salaam, hivyo unganisha safari hiyo na ya kuwasilisha maombi ya viza. Ikiwa umeajiriwa na halmashauri, peleka barua ya kuomba ruhusa ya masomo siku unayopata barua ya ufadhili, uambatanishe nakala yake, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.